Mama wa miaka 79, mifupa dhaifu na dawa ya kuzuia damu kuganda: tiba ya mikono ya osteopathia inamfaa?

Kifungua_Mimba ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo ya wenye ujuzi, au ya yeyote aliyewahi kupitia jambo hili na mzazi wake.

Mama yangu ana miaka 79. Mgongo unamsumbua kwa muda mrefu, juu kidogo ya kiuno, na siku hizi amepinda. Akikaa kitini kidevu kinaelekea kifuani. Eksirei ilionyesha pingili moja imebonyea, na yeye hakumbuki kuanguka. Kipimo cha uimara wa mifupa kikatoa −2.8, daktari akamwanzishia dawa ya mifupa. Ana pia mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwa hiyo kila siku anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni alikatazwa kwa sababu ya figo, na kwa sababu vikikutana na hiyo dawa ya damu anaweza kutokwa na damu tumboni. Amebaki na parasetamoli, nayo anasema inamdanganya tu.

Kinachomuuma moyoni zaidi ya mgongo ni bega la kulia. Mkono haupandi. Hawezi kuchana nywele wala kuvaa nguo ya kupitisha kichwani bila mimi kumsaidia, na ni mtu asiyezoea kuvalishwa.

Ndugu mmoja ametushauri tumpeleke kwa mtaalamu wa osteopathia. Nikatafuta video nione ni kitu gani, nikakutana na mtu anasokotwa shingo mpaka inalia. Nilizima simu. Ndugu yetu anasisitiza kwamba kuna wanaotumia mikono kwa upole na kwamba wazee ndio hasa wanaofaidika. Mama mwenyewe anataka kujaribu, nami sitaki kumnyima kitu chenye faida kwa sababu ya hofu yangu.

Je, ni salama kwa mtu wa hali yake? Niulize nini kabla hajaguswa? Na kuna ushahidi wowote wa kitabibu, au ni kukandwa tu kwa jina kubwa?

---

Msafiri_Mstaafu:

Binti yangu, mimi nina miaka 72 na naandika kama mgonjwa, si kama mtaalamu.

Bega langu la kushoto lilikuwa limeganda. Yule aliyenihudumia alinilaza ubavu, bega bovu likiwa juu, akawa anashika ukingo wa bega kwa mkono mmoja na kiwiko kwa mkono mwingine, anauzungusha mkono wangu pole pole, kwanza miduara midogo, halafu mikubwa, halafu anaupeleka nyuma ya mgongo. Hakuna kilicholia. Mara kwa mara ananiambia nisukume kidogo dhidi ya kiganja chake, kisha nilegeze. Baada ya wiki kadhaa nikaweza kufikia mfuko wa nyuma wa suruali, jambo nililokuwa nimeshalisahau.

Magoti hayakubadilika hata chembe. Nayo nasema ili usidhani ni dawa ya kila kitu.

Jambo lililonifanya nimwamini ni kwamba siku ya kwanza nilipomwomba anishike na shingo, alikataa mpaka aone majibu ya vipimo vyangu.

---

Dk_Mikono:

Dada Kifungua_Mimba, pole kwa kuuguza, na mpe mama shikamoo yangu. Mimi ni daktari niliyesomea tiba hii, na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu wana umri wa mama yako. Nitakujibu kwa urefu, maana mama ana mambo matatu ambayo kila moja linabadilisha namna anavyopaswa kuguswa: pingili iliyobonyea, kipimo cha −2.8 na dawa ya damu.

Ulichokiona kwenye video ni msukumo wa ghafla. Kiungo kinapelekwa mpaka mwisho wa mwendo wake, kisha kinasukumwa kwa kasi umbali mfupi sana. Hiyo ni mbinu moja kati ya nyingi, na kwa mama yako haina nafasi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kipimo kikifika −2.5 au kushuka zaidi mfupa umeshadhoofika kiugonjwa. Yeye amepita hapo, tena pingili imebonyea bila kuanguka, na hilo pekee lingetosha hata kama kipimo kisingefanyika. Mbavu zake nazo ni za kuonea huruma: mzee mwenye mifupa ya namna hiyo anaweza kuvunjika ubavu kwa kukandamizwa kifua akiwa amelala kifudifudi.

Kwa shingo nina msimamo mkali zaidi. Mishipa miwili inayopeleka damu nyuma ya ubongo hupanda kupitia matundu ya pingili za shingo. Msokoto wa ghafla umehusishwa na kuchanika kwa ukuta wa mishipa hiyo, na mshipa ukichanika hivyo unaweza kuleta kiharusi. Ni tukio la nadra, lakini kwa mzee ambaye mishipa imekakamaa na damu yake imepunguzwa uwezo wa kuganda, sioni faida yoyote inayolingana na hatari hiyo. Wazee wenye baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo nao wanaingia humu, kwa sababu kano inayofunga pingili mbili za juu kabisa huwa imelegea bila wao kujua.

Basi tuliondoe hilo mezani. Kilichobaki ni kingi, na ndicho ninachokifanya kila siku.

Iko mbinu iliyoanzia kwa daktari wa Marekani, Lawrence Jones, mwaka 1955. Alikuwa na mgonjwa aliyepinda kwa maumivu ya mgongo, hapati hata mkao wa kulalia. Jones akamsaidia kuutafuta mkao mmoja tu usiouma, akamwacha humo kwa muda, na mgonjwa alipoinuka akasimama wima. Kutokana na hapo akajenga utaratibu wote: unatafuta sehemu ndogo inayouma ukiibonyeza, unausogeza mwili kuelekea upande wa nafuu mpaka uchungu wa pale unapungua, unashikilia kama sekunde 90, kisha unamrudisha mgonjwa taratibu sana. Kwa wazee dhaifu naipenda kuliko zote, maana mwili unapelekwa kule unakotaka kwenda wenyewe. Tahadhari kwa mama ni moja: asikunjwe mbele kwa nguvu pale penye pingili iliyobonyea, na shingo isirudishwe nyuma sana.

Nyingine ni ile ambayo Mzee Msafiri_Mstaafu ameigusa: mgonjwa anasukuma kidogo dhidi ya mkono wa tabibu kwa sekunde tatu mpaka tano, analegeza, na tabibu anafuata ile nafasi ndogo iliyopatikana. Nguvu inatoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo ni yeye anayeamua kiasi. Na ile aliyofanyiwa begani, ya hatua saba akiwa amelala ubavu, inaitwa mbinu ya Spencer, na imekuwepo tangu 1916. Kuna utafiti mdogo wa mwaka 2002 uliofanywa kwa wazee 29 wenye matatizo ya bega. Makundi yote mawili, lililotibiwa na lililofanyiwa matibabu ya kuigiza, yaliongeza mwendo wa bega wakati wa matibabu. Tofauti ilionekana baadaye: waliotibiwa kweli waliendelea kupata nafuu, wenzao wakaanza kurudi nyuma. Wazee 29 ni wachache, siwezi kukuapia kwa utafiti huo, lakini unakwenda sambamba na ninayoyaona. Kwa bega la mama ningeanzia hapo, baada ya kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika na msuli haujakatika.

Kuhusu mkao: mama asilazwe kifudifudi. Alazwe ubavu au akae kitini. Akilala chali, awekewe mito ya kutosha chini ya kichwa, maana mgongo uliopinda ukilazwa juu ya kitanda tambarare bila mto unaiacha shingo ikining'inia nyuma. Kipindi kiwe kifupi. Kosa ninaloliona kwa vijana wanaoanza kazi hii ni kutaka kugusa kila kitu siku moja. Mzee anarudi nyumbani hoi, na kesho yake hataki kusikia habari zenu. Mwili wake unahitaji muda wa kujipanga baada ya mabadiliko madogo tu. Kipindi kikiisha, akae ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu ikiwa chini, apumue, ndipo asimame, kwa sababu shinikizo la damu la wazee hushuka ghafla wanapoinuka. Uchovu au maumivu madogo ya misuli kwa siku moja au mbili ni ya kawaida. Zaidi ya hapo, mpigieni aliyemhudumia.

Sasa unachopaswa kuuliza. Uliza kwanza amesomea nini, maana jina lilelile linabeba watu tofauti kulingana na nchi. Marekani, alikoanzia Andrew Taylor Still na kufungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892, mwenye shahada hii ni daktari kamili anayeandika dawa na hata kupasua. Uingereza ni taaluma yenye sheria yake tangu 1993 na daftari la usajili, lakini wao si madaktari wa hospitali. Kuna na nchi ambako yeyote anaweza kutundika kibao. Halafu usimwambie kitu, mwache yeye aulize. Asipouliza kuhusu mifupa, dawa, kuanguka, saratani na kupungua uzito kabla ya kumgusa mama, mshike mama mkono muondoke. Vilevile mwache anayeahidi kuirudisha pingili mahali pake. Pingili ya mama haikuhama, imebonyea, na hakuna mkono utakaoijaza tena.

Na kuna dalili ambazo si za kupelekwa kwa tabibu wa mikono hata kidogo, ni za hospitali siku hiyohiyo: maumivu mapya makali ya mgongo baada ya kujikwaa au hata kupiga chafya, miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au kushindwa kuutoa, maumivu ya mgongo yakifuatana na homa, au tumbo kudunda kama moyo huku mgongo unauma.

Mwisho, kabla hamjaenda, mwulize mama anataka aweze kufanya nini. Naona umeshaniambia: kuchana nywele na kuvaa mwenyewe. Andikeni hilo. Baada ya vipindi vichache mpime kwa hilo. Kama mkono haujapanda hata kidogo, acheni, msivutwe kuendelea kwa mazoea.

---

Kifungua_Mimba:

Asante sana Dokta, nimesoma mara mbili na nimemsomea mama. Mzee Msafiri_Mstaafu, shikamoo na asante.

Nina swali moja zaidi. Mama aliwahi kulazwa kwa nimonia, na tangu hapo akipatwa na mafua kidogo tu tunakosa usingizi. Huyo ndugu yetu anasema kuna namna ya kuinua mbavu na kusukuma kifua inayosafisha mapafu. Kuna ukweli?

---

Dk_Mikono:

Swali zuri, na hapa kuna utafiti mkubwa kidogo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010: wagonjwa 406 wa miaka 50 na kuendelea, waliolazwa kwa nimonia katika hospitali saba za Marekani. Wote walipata matibabu ya kawaida, ikiwemo antibiotiki. Kundi moja liliongezewa tiba ya mikono, dakika 15 mara mbili kwa siku: kuinua mbavu, kulegeza kiwambo cha kupumulia, kulegeza shingo, na kusukuma kifua na miguu kwa mdundo ili kusaidia mwendo wa limfu, yale majimaji ya mwilini yanayobeba chembe za kinga. Kundi la pili waliguswa kidogo tu kwa muda uleule. La tatu halikuongezewa kitu.

Walipohesabiwa wagonjwa wote kama walivyopangwa mwanzoni, hakukuwa na tofauti ya maana. Walipohesabiwa waliomaliza matibabu kama ilivyokusudiwa, waliotibiwa kwa mikono walikaa hospitali muda mfupi na walitumia antibiotiki za mshipani kwa muda mfupi kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Lakini hawakuwapita kwa uhakika wale walioguswa kidogo tu. Mimi naipenda kazi hii, na bado nakuambia hivyo ndivyo matokeo yalivyo. Kuguswa mara mbili kwa siku na mtu anayekujali, ukiwa kitandani hospitalini, huenda nako ni sehemu ya tiba.

Kwa hiyo: nimonia inatibiwa hospitalini kwa dawa. Tiba ya mikono ikiwepo, inakaa pembeni ya dawa, haichukui nafasi yake.

Na ile ya kusukuma kifua kwa mdundo, kwa mama yako sikubali. Mbavu zake hazifai. Kuinua mbavu ni jambo jingine: vidole vinawekwa nyuma, karibu na uti wa mgongo, na mbavu zinanyanyuliwa taratibu akiwa amekaa au amelala. Inaweza kulegeza kifua kilichokaza, na mgongo uliopinda hubana kweli nafasi ya kupumua. Lakini kama ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, sema mapema. Utafiti wa 2008 kwa watu 35 wa miaka 65 na zaidi wenye ugonjwa huo ulionyesha kuwa muda mfupi baada ya tiba hewa iliyonaswa mapafuni iliongezeka, ingawa wengi wao walisema wanapumua vizuri zaidi. Hisia ya nafuu na kipimo cha mapafu vilikwenda njia tofauti. Ndiyo maana nasisitiza mzee apimwe, asiulizwe tu.

---

Fizio_wa_Wazee:

Naomba niingie. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wazee ndio kazi yangu. Nakubaliana na karibu yote aliyosema daktari, na nina wasiwasi mmoja: familia zikipata mtu wa kumshika mama, mazoezi yanasahaulika.

Tuangalie ushahidi wa mgongo kwa macho makavu. Utafiti wa Texas uliochapishwa 2013, watu 455, ulionyesha nafuu ya maana ya maumivu kwa asilimia 63 ya waliotibiwa, dhidi ya asilimia 46 ya waliofanyiwa kuigiza. Ukaja wa Ufaransa mwaka 2021, watu 400: uwezo wa kufanya shughuli uliongezeka kidogo sana, pengine hata mgonjwa mwenyewe asingeuona, na maumivu hayakutofautiana. Zaidi ya hayo, ule wa Texas uliishia miaka 69. Hakuna mmoja kati yao uliomlenga mtu kama mama yako, mwenye miaka 79 na pingili iliyobonyea.

Mazoezi ya kuimarisha miguu na mizani yana ushahidi mzito zaidi wa kupunguza kuanguka, na kuanguka ndiko kutakakomvunja nyonga. Kwa mgongo wake achague ya kuunyoosha kuelekea nyuma, kama kubana mabega pamoja akiwa amekaa. Asifanye ya kuinama mbele na kugusa vidole vya miguu. Utafiti wa mwaka 1984 kwa wanawake 59 wenye mifupa dhaifu ulionyesha kuwa waliofanya ya kuinama mbele walipata mivunjiko mipya ya pingili kwa wingi kuliko waliofanya ya kunyoosha nyuma. Hilo linahusu hata nyumbani: kitu kikianguka sakafuni, kiokote wewe.

---

Dk_Mikono:

Fizio umesema kweli, nami sina ubishi. Mimi naitumia mikono ili mzee apate nafasi ya kufanya hayo mazoezi. Bega likishapanda kidogo leo, alitumie leo hiyohiyo: achane nywele mwenyewe, hata kama ni upande mmoja, hata kama ni taratibu. Mwendo uliopatikana kitandani usipotumika unapotea.

---

Kifungua_Mimba:

Nimewaelewa wote. Tutaanza na mtaalamu wa fiziotherapia, na huyo wa osteopathia tutakwenda kumhoji kwanza kwa ajili ya bega, nikiwa na majibu ya vipimo mkononi lakini nisiyatoe mpaka aulize. Swali la mwisho kabisa: siku ya kwenda, mama aruke dozi ya dawa ya damu ili asivilie?

---

Dk_Mikono:

Hapana, dada. Asiruke hata moja. Dawa ile inamkinga na kiharusi kinachotokana na damu kuganda ndani ya moyo, na kwa baadhi ya dawa za kundi hilo, ukiruka dozi kinga inashuka ndani ya saa chache. Tiba inayohitaji mama aache dawa yake ili iwe salama haimfai. Aimeze saa yake ya kawaida, mwambieni mtaalamu jina la dawa na kiasi chake, na mkirudi nyumbani mtazame ngozi pale aliposhikwa. Akiona alama ya kuvilia damu inayokua, au maumivu ya kichwa asiyoyazoea, nendeni hospitali usiku huohuo, msingoje asubuhi.